Mtumishi Ni Mwanaadamu

Ndugu msomaji, darasa letu la leo lahusu jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni kumvunjia heshima mtu anayetufanyia kazi. Tutazame kwanza yaliyopita katika nchi yetu, kisha tujipime wenyewe.

Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya mabwana na watumishi. Mtumishi aliyeiacha kazi kabla ya mapatano kwisha alihesabiwa mkosaji, akatozwa faini au akafungwa. Sheria ya mwaka 1915 ikaleta kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wagikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Na bwana asipotia sahihi, mtumishi hakuweza kuandikwa kwingine kwa halali.

Je, masetla wa Njoro, Molo na Solai walipata faida gani? Watumishi walitoroka, na waliobaki walifanya kazi kwa uzito. Masetla wakasema kuwa Mwafrika ni mvivu kwa maumbile yake, wakazidisha ukali. Waliyachukua matokeo wakayafanya sababu.

Yatupasa kufahamu kuwa mtu akihesabiwa mkono, hutoa mkono tu. Akili na moyo hubaki navyo. Kwanza, hufanya kazi ya macho: bwana akiwapo jembe huinuka, akigeuka hutulia. Pili, huficha: akimwona ng'ombe ana homa hunyamaza, kwani mleta habari ndiye alaumiwaye kwanza. Tatu, dharau aliyotendewa humtendea aliye chini yake. Ndipo mnyapara huwa mkali kuliko bwana.

Kipande kile kilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Lakini desturi yake, je, imeondoka? Sisi wenye maduka na majumba hapa Nakuru, ni wangapi tumwitao "boi" mzee mwenye wajukuu? Ni wangapi tumpekuao mbele ya wateja kila jioni, tukauchelewesha mshahara wake, kisha tukastaajabu kuwa haitunzi mali yetu?

Anas bin Malik alimtumikia Mtume wetu (S.A.W.) miaka kumi, naye amesimulia kuwa hakupata kukemewa hata kwa neno la kuudhika. Na Abu Dharr amepokea amri ya kumlisha mtumishi katika kile tulacho, wala tusimtwike asiloliweza ila kwa kumsaidia. Basi kumheshimu mtumishi si hisani tumfanyiayo. Ni haki yake.

Kabla hatujakutana tena, kila mmoja na ajiulize: yule afagiaye duka langu, jina lake nani, na ana watoto wangapi? Asiyejua jawabu, na aanzie hapo.