Draiva na kumbukumbu ya programu

Swali: Msomaji wa Kabambare, Maniema, anayejifunza kuandika draiva za Linux, anauliza: programu ikiipa draiva anwani ya data yake, kwa nini draiva isiisome moja kwa moja?

Jibu: Kwa sababu anwani hiyo si ya kuaminiwa. Huenda ni batili, huenda ukurasa wake haumo kwenye RAM, au, hatari zaidi, inaelekeza ndani ya kerneli yenyewe.

Ndiyo maana Linux ina fanksheni za copy_from_user na copy_to_user. Hizi huhakikisha anwani iko upande wa programu, kisha hunakili. Nakala isipokamilika hurudisha idadi ya baiti zilizobaki, na draiva huijibu programu kwa kosa la EFAULT.

Ukaguzi ukikosekana, wavamizi hupita. Kabla ya toleo la 3.5.5 la Linux, get_user na put_user, fanksheni za aina hiyo hiyo, hazikuhakiki baadhi ya anwani kwenye prosesa za ARM v6k na v7. Mnamo Oktoba na Novemba 2013, simu za Android zilishambuliwa kupitia pengo hilo, CVE-2013-6282.

Draiva inakili data mara moja tu, kisha iikague nakala yake. Ikirudi kusoma tena, huenda programu imeshaibadilisha.