Kosa moja, huruma mbili

SWALI: Hapa Mafia mvuvi wa dago, mgeni aliyepiga kambi kuvua, akikamatwa na baruti, kijiji kizima kinataka afungwe. Akikamatwa kijana wetu, tunatafuta wa kumwombea. Mahakamani nako ni hivyo?
Msomaji, Kilindoni

JIBU: Sheria haiulizi mtu katokea wapi. Matumbawe ya Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995, yakishalipuliwa yamekufa, mlipuaji awe wa Jibondo au wa Kilwa.

Ila historia ya mtu ina nafasi halali. Akishatiwa hatiani, hakimu huuliza kama ana makosa ya nyuma, kisha humsikiliza mwenyewe: umri, afya, wanaomtegemea. Na kwa makosa madogo, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu kazi za jamii badala ya gereza, baada ya ofisa kuchunguza mazingira yake. Hapo ndipo mgeni huumia. Nani hapa kisiwani atamsemea? Anaweza kuonekana mbaya kwa sababu tu hajulikani.

Hakimu naye ni binadamu. John Hogarth, aliyechunguza mahakimu wa Ontario, Kanada, alionyesha mwaka 1971 kwamba imani ya hakimu kuhusu adhabu ilieleza hukumu zaidi kuliko maelezo ya kesi yenyewe. Sheria hujaribu kupunguza tofauti hizo kati ya mahakimu kwa viwango vya chini vya adhabu, kama miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ingawa kwa maoni yangu viwango hivyo humfunga mikono hata hakimu mwenye busara.

Mgeni aombe mapema barua ya mwenyekiti wa kijiji chake, kabla ya siku ya hukumu.