Israel Katoke na Deni la Kuandika Tulichosimuliwa



Babu yangu alifariki nikiwa mwaka wa kwanza wa falsafa. Kila likizo alinisimulia jinsi ukoo wetu ulivyofika Igurwa, nami niliitikia "ndiyo babu" huku nikiwaza mengine. Siku ya matanga mdogo wangu aliniuliza jina la baba yake babu. Sikulijua. Nawajua wanafalsafa wa Ugiriki kwa mpangilio, lakini jina hilo moja sikuwa nalo. Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nimtafakari Israel Katoke, mwanahistoria wa Karagwe.

1. Aliyetangulia kuandika

Mwezi Novemba 1861 Waingereza Speke na Grant walifika kwa Omukama Rumanyika, Karagwe, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1863 Speke alichapisha kitabu cha safari yake. Ametuhifadhia mambo ya thamani, kwa mfano simulizi ya ngoma ndogo ambayo, kati ya wana wa mfalme, aliyestahili kurithi ndiye pekee aliyeweza kuiinua. Lakini pia alimpima mwanamke wa familia ya kifalme ili aandike unene wake, na akadai kwamba asili ya watawala wa nchi hizi ni Ethiopia, kana kwamba watu wa hapa wasingeweza kujenga ufalme wenyewe. Alikuwa mgeni wa wiki chache, lakini kwa miaka mingi wasomi wa mbali waliijua Karagwe kupitia macho yake.

2. Wenyeji washika kalamu

Katika nchi jirani ya Kiziba, F. X. Lwamgira alichapisha mwaka 1949, kwa Kihaya, historia ya Kiziba na wafalme wake. Mwaka 1975 Katoke alichapisha Nairobi historia ya Ufalme wa Karagwe na Wanyambo, tangu takriban mwaka 1400 hadi 1915. Aliweka masimulizi ya wazee pamoja na maandishi ya wasafiri. Hapo Speke anabaki kuwa shahidi mmoja kati ya wengi. Si hakimu tena.

3. Imani inasemaje?

Mwinjili Luka anaanza kwa kueleza kwamba alichunguza kwa makini habari zilizopokewa kutoka kwa walioshuhudia, kisha akaziandika kwa taratibu (Lk 1:1-4). Kazi hiyo inafanana na ya mwanahistoria na ya mwandishi wa habari. Naye Mtakatifu Augustino, katika Maungamo, anatukumbusha kwamba hata wazazi wetu tunawajua kwa kuwaamini waliotuambia. Ushuhuda basi ni njia halali ya kujua.

Hata hivyo si kila simulizi ni kweli. Kila ukoo hupenda kujisifu, na mzee naye husahau. Kumheshimu mzee si kuandika kila neno bila kuuliza. Tumsikilize, kisha tumuulize mwingine, tulinganishe. Wakitofautiana, tuandike yote mawili na nani alisema lipi. Kupenda ukweli ni sehemu ya kumpenda jirani, hata jirani aliyekwisha kufa.

4. Tufanye nini?

Ndugu mseminari, likizo ijayo nenda na daftari. Ndugu muumini, katika Jumuiya yenu Ndogo Ndogo wapo wazee wanaokumbuka kigango kilivyoanza, katekista wa kwanza alikuwa nani, na nani alitoa kiwanja. Andika jina la msimulizi, mahali na tarehe. Kisha msomee ulichoandika, akusahihishe.

Mimi nilichelewa kwa babu. Bibi bado yupo, na daftari langu lina kurasa sita sasa. Jina la baba yake babu limo katika ukurasa wa kwanza.

Maswali ya kutafakari

1. Ni mzee yupi ambaye hujawahi kumuuliza habari za ukoo wako?
2. Je, historia ya kigango chenu imeandikwa? Na nani?
3. Simulizi mbili zikipingana, utafanya nini ili usimdharau msimulizi wala ukweli?