SOMO: JARIDA LA WATAALAMU NA GAZETI LA WASOMAJI WOTE

Mwanafunzi wa sekondari wa Mikindani akipewa kazi ya kueleza kwa nini korosho zilipungua, huenda akabisha hodi katika ofisi ya chama cha msingi. Yampasa Katibu ajue kumwelekeza, kwani katika kabati la chama maandishi ya kila aina hukaa pamoja.

Gazeti la kawaida, mfano wa Ukulima wa Kisasa lililotolewa na Wizara ya Kilimo, huandikiwa watu wote. Lugha yake ni nyepesi, picha zake ni nyingi, na mhariri ndiye aamuaye kitakachochapwa. Lafaa sana kwa habari na maonyo ya msimu.

Jarida la kitaaluma huandikwa na watafiti kwa ajili ya watafiti wenzao, na makala hukaguliwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapwa. Alama zake ni hizi:

(a) Waandishi na mahali pao pa kazi hutajwa.
(b) Mwanzoni huwa na ikisiri, yaani muhtasari.
(c) Njia ya utafiti huelezwa, ili mwingine aweze kuirudia.
(d) Mwishoni huwa na orodha ya marejeo.

Marejeo ni kama hati za malipo. Mkaguzi hakubali matumizi yasiyo na hati. Msomaji naye asikubali dai lisilo na ushahidi.

Tuchukue mfano. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Barazani husikika sababu moja tu: ubwiriunga. Lakini makala iliyochapwa mwaka 1997 katika jarida la Crop Protection, yenye waandishi zaidi ya kumi, ilitaja sababu nyingi zilizofungamana: bei duni, wakulima kuhamishiwa vijijini, mikorosho kusongamana, pamoja na ugonjwa huo. Mwanafunzi aliyeshika sababu moja atakosa alama. Chama kilichoshika sababu moja chaweza kumaliza fedha za wanachama kwa kununua salfa, na mikorosho iliyosongamana ikaachwa vilevile.

Hata hivyo, jarida nalo huzeeka. Tazama mwaka wa kuchapwa, na kuhusu dawa za sasa waulizwe watafiti wa Naliendele au Bwana Shamba.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na habari bila ushahidi hupoteza mali.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kabati la chama chenu, ni maandishi gani yenye alama zote nne?
2. Ni uamuzi gani wa chama uliotegemea habari isiyo na ushahidi?