Dinari Ilitoka Wapi?

Kila tufikapo Suratu Aal Imran aya ya 75 tunaulizwa darasani: dinari ni nini hasa? Asili ya neno ni denarius, sarafu ya fedha ya Warumi. Kwa Waarabu likawa jina la sarafu ya dhahabu. Ile ya fedha wakaiita dirhamu.

Tuitazame denarius ya mfalme Tiberius, aliyetawala Roma mwaka 14 hadi 37. Ni ndogo, upana wake kama kidole gumba. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme mwenye taji la majani. Upande wa pili mwanamke ameketi, ameshika fimbo na tawi. Pembezoni imeandikwa kwa Kilatini kwamba mfalme huyu ni mwana wa Augustus aliyefanywa mungu. Basi hata mnunuzi wa mkate alishika shirki kiganjani, ajue kusoma asijue!

Na picha ilibaki hata fedha yenyewe ilipopunjwa. Mwaka 64 Nero aliipunguza uzito na kuzidisha shaba ndani yake. Kufikia mwaka 270 sarafu za Roma zilikuwa karibu shaba tupu, zimepakwa fedha juu.

Waislamu wa mwanzo nao walitumia sarafu za Warumi na Waajemi pamoja na picha zake, kwani hazikuwapo nyingine. Hadi mwaka 77 Hijria (696-697), Khalifa Abdulmalik bin Marwan alipotoa dinari isiyo na picha yoyote. Palipokuwa na kichwa cha mfalme pakaandikwa: hapana mola ila Allah, peke Yake, hana mshirika.