Hiyo "-e" imetoka wapi?

Skripti imekubali vizuri kwenye kompyuta yako, ukaikabidhi. Mwalimu akaiendesha kwa `sh kazi.sh`, matokeo yakaanza na "-e" isiyojulikana imetoka wapi. Alama zikaondoka hivyo hivyo.

Shida ni kwamba echo siyo amri moja. Kila sheli (si ile ya mafuta, jamani) ina echo yake ndani. Andika `echo -e "Asha\n70"`: bash itatoa mistari miwili safi. Ila kwenye Ubuntu, tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, `sh` ni dash, na dash haiitambui -e. Inaichapa kama neno la kawaida, halafu \n inaigeuza mstari mpya bila hata kuombwa. zsh, sheli chaguo-msingi ya Mac tangu 2019, nayo hugeuza \n bila -e.

Na usijitetee kwa `#!/bin/bash` pale juu. Ukiita `sh kazi.sh`, mstari huo unarukwa tu.

Piga `ls -l /bin/sh` uone inaelekeza wapi. Kisha, kwa data yoyote yenye \ au inayoanza na kistari, achana na echo: tumia `printf '%s\n' "$jina"`. Ukitaka \n igeuzwe, iweke humo humo kwenye sehemu ya kwanza, `printf 'Asha\n70\n'`, na sheli zote tatu zitatoa kitu kilekile.