Maziwa na matunda ni chakula, si dawa ya vumbi



Watu wengi wa migodi wanaamini kwamba mtu akinywa maziwa, vumbi linatoka kifuani. Neno hili si la kweli, na linaweza kumponza mtu. Vumbi linafuata njia ya pumzi mpaka mapafuni. Maziwa yanafuata njia ya chakula mpaka tumboni. Njia hizi mbili zinaachana kooni. Maziwa hayawezi kuosha mapafu.

Hata hivyo maziwa ni chakula chema, na matunda yanayazidishia faida. Tujifunze.

1. Maziwa yanakosa nini?

Maziwa yana protini za kujenga mwili na kalisi ya mifupa na meno, lakini vitamini C karibu hakuna. Matunda yanajaza pengo hilo. Gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C. Machungwa yana karibu miligramu 50.

Vitamini C ni mojawapo ya vitu vinavyoitwa antioksidanti. Ndani ya mwili kunazaliwa chembe kali zinazouharibu polepole, kama kutu inavyokula chuma. Moshi wa sigara unazizidisha. Antioksidanti zinapunguza ukali wao. Karotini, ile rangi ya papai na embe, ni ya jamii hiyo pia; mwili unaigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho. Karotini inahitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini, na maziwa yasiyoondolewa mafuta yanayo.

2. Namna ya kutengeneza yaurti ya matunda

a) Chemsha litre moja ya maziwa. Kama ni ya unga, yakoroge kwanza na maji safi.
b) Yaache yapoe mpaka kidole kivumilie joto lake.
c) Tia vijiko viwili vya yaurti isiyo na sukari, koroga.
d) Funika, zungushia blanketi, ngoja masaa 6 mpaka 8.
e) Osha matunda, menya, kata, na utie wakati wa kula tu. Usiyachemshe pamoja na maziwa, kwani moto unaharibu vitamini C. Papai bichi likikaa ndani ya maziwa linayatia uchungu.

Mtu anayesumbuliwa tumbo na maziwa mara nyingi anavumilia yaurti. Mtoto asiyetimiza miezi 6 apewe ziwa la mama peke yake.

3. Vidonge je?

Baba anayevuta sigara asinunue vidonge vya karotini akifikiri vitalinda kifua. Kule Finlandi wanaume 29,133 wavutaji sigara walifuatwa kwa miaka mingi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: waliopewa vidonge hivyo walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Huko Marekani uchunguzi mwingine, uliokuwa pia na wafanyakazi waliovuta vumbi la amianti, ulisimamishwa Januari 1996 kwa sababu ya hatari ile ile. Karotini ya papai mezani haina hatari hiyo.

4. Kinga ya kweli

– Lowesha mwamba kwa maji wakati wa kutoboa.
– Vaa maski ya vumbi, na uibadilishe ikichakaa.
– Usikatae kupigwa picha ya kifua.
– Acha sigara.
– Mama, usikung'ute nguo za kazi ndani ya nyumba. Zitie majini kwanza.
– Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda kwa munganga.

Silikosi haina dawa ya kuiponya. Vumbi lililokwisha kuingia halitolewi kwa kikombe cha maziwa. Lizuiwe kabla halijaingia.

Matunda na maziwa mezani, maski usoni!